Ndago na Ukoka Bustanini: Dawa Yake Haimo Katika Chupa ya Soda

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona ukurasa wa afya mwezi huu unazungumza juu ya magugu. Umezoea kusoma hapa habari za malaria, kuharisha, chanjo na maji ya kunywa. Lakini pita nyuma ya nyumba za Itigi, na katika vijiji vilivyo kandokando ya reli, utaona matuta ya mboga yaliyoachwa. Mahali palipokuwa na mchicha na nyanya pamesimama ndago, na pembeni ukoka unaingia kutoka njiani. Ukimwuliza mwenye bustani, jibu ni lile lile: "Nimelima mpaka nimechoka. Ikikatwa leo, keshokutwa imerudi."

Bustani ikiachwa, mboga hununuliwa. Na siku fedha isipokuwapo, watoto hula ugali kwa chumvi. Hapo ndipo habari ya magugu inapokuwa habari ya afya. Mchicha, matembele na majani ya maboga ndiyo yanayompa mtoto vitamini A ya kulinda macho yake na kumsaidia kupambana na maradhi, na mama mjamzito anahitaji mboga hizo hizo kwa ajili ya damu. Tuta tatu za mboga nyuma ya jiko ni sehemu ya matibabu ya nyumbani, ingawa hakuna anayeziita hivyo.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mtu aliyeshindwa na jembe hutafuta dawa. Dawa ya kuua magugu huuzwa katika chupa kubwa, na mwenye tuta tatu hana haja ya chupa nzima wala hana fedha yake. Basi humiminiwa kidogo katika chupa ya soda au ya maji, akaibeba hadi nyumbani na kuiweka uvunguni mwa kitanda au nyuma ya mlango wa jiko. Dawa nyingine ina rangi kama ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi kibandiko, na hapo hakuna kibandiko cha kusoma. Tutarudi kwenye jambo hilo huko mbele. Kwanza tuone kwa nini jembe linashindwa, maana likitumiwa kwa akili halishindwi.

KUMJUA ADUI

Ndago si nyasi, ingawa inafanana nazo. Shika bua lake kati ya vidole viwili ulizungushe: la ndago lina pembe tatu, la nyasi halina. Majani yake hung'aa, na ua lake ni la rangi ya damu ya mzee. Anaye ndugu mwenye ua la manjano, ambaye viazi vyake ni vitamu na watoto huvichimba wakala. Ndago tunayoisema hapa viazi vyake ni vichungu, vyeusi kwa nje, vina harufu kali kama ya dawa, na ukubwa wake ni kama punje ya harage au pungufu. Tuviite vinundu.

Wanaodhani kwamba wameshindwa kwa uvivu wao wajue hawako peke yao. Mwaka 1977 mtaalamu wa Marekani, Leroy Holm, na wenzake walichapisha kitabu juu ya magugu mabaya kuliko yote duniani. Ndago waliiweka namba moja. Ukoka ulikuwa namba mbili. Kwa hiyo bustani ya Itigi yenye vyote viwili inapambana na mabingwa wa dunia.

Nguvu ya ndago haiko kwenye jani. Iko chini. Kila shina linatoa nyuzi ngumu zinazotambaa udongoni, na katika kila uzi vinundu vimepangana kama punje za rozari. Vingi viko katika sentimita 15 za juu, lakini baadhi hushuka hadi sentimita 30 au zaidi. Kila kinundu ni ghala la chakula na kina macho kadhaa ya kuota. Imepimwa kwamba kinundu kimoja kilichopandwa peke yake kinaweza kuzaa vinundu karibu 100 kwa siku 90. Mbegu za ua lake mara nyingi hazioti. Gugu hili huenea kwa vinundu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Katika mnyororo ule, kinundu cha mbele huwazuia wenzake wa nyuma wasiote. Wanalala. Wewe unapokuja na jembe ukakata mnyororo vipande vitano, umewaamsha wote. Juma linalofuata unaona mashina matano mahali palipokuwa na moja, nawe unasema ndago ni uchawi. Si uchawi. Umewafungulia mlango.

Lakini kuna upande wa pili. Kinundu kinapotoa jani, kinalilisha jani hilo kutoka ghalani mwake. Kwa muda wa wiki mbili tatu za kwanza kinatoa tu, hakiweki. Shina likifikisha majani matano au sita ndipo jani linaanza kurudisha chakula chini na vinundu vipya vinaanza kuumbika. Kwa hiyo ukikata shina likiwa na majani matatu au manne, umekiibia kinundu akiba yake. Kitaota tena, maana kina macho mengine. Ukate tena kabla ya jani la tano. Kila safari ghala linapungua, hata mwisho hakuna kitu. Anayepalilia mara moja kwa mwezi anailisha ndago. Anayepalilia kila baada ya siku kumi anaitia njaa. Kazi ya jembe ni ile ile, tofauti ni siku.

JUA LETU NI MALI

Njaa ni silaha moja. Silaha ya pili ni kiu, na katika hiyo Itigi ina bahati kuliko Bukoba au Tukuyu, ambako mvua hainyimi udongo kwa muda mrefu. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni ukavu, upepo na jua. Watu wengi huulalamikia ukavu huo, na kwa habari ya maji wana haki. Kwa habari ya ndago, ukavu ni msaada.

Kinundu hakivumilii kukauka. Kikilala juu ya udongo, juani, hufa kwa muda wa wiki moja au mbili. Kikifunikwa na udongo wenye unyevu kidogo tu, kinaishi hata miaka. Kwa hiyo swali la kujiuliza mwezi wa Juni ni hili: vinundu vyangu viko juu au chini?

Ubaya ni kwamba kiangazi ndicho wakati tunaomwagilia mboga. Maji ya kuoshea vyombo, maji ya kunawia, ndoo mbili kutoka kisimani, yote humwagwa pale pale kila mwaka. Tunaninyweshea mchicha, na ndago inakunywa pamoja nao. Kwa hiyo yafaa kuigawa bustani sehemu mbili au tatu. Sehemu moja iendelee kupewa maji na kutoa mboga. Sehemu nyingine iachwe kavu kabisa kiangazi kizima, tone lisidondoke. Mwaka unaofuata sehemu hizo zibadilishane.

Katika sehemu kavu, lima kwa kina cha jembe zima mara mvua zinapokoma na udongo bado unachimbika. Ukiweza kupata jembe uma, yaani lile lenye meno, litumie hilo, kwa sababu huinua mnyororo mzima badala ya kuukata. Inua, kung'uta, acha nyuzi na vinundu juu. Usisawazishe. Mabonge yakae yameinuka ili upepo upite. Kila baada ya wiki mbili rudi ugeuze, ili vya chini vije juu. Ukifanya hivyo mara nne au tano hadi Septemba, utakuwa umeua sehemu kubwa sana. Udongo wa Itigi kwa sehemu kubwa ni kichanga, nao hukubali kazi hii kwa urahisi. Wenye matuta madogo wanaweza hata kupitisha udongo katika chekecheke ya wavu, kama wanavyofanya mafundi na mchanga wa plasta, na vinundu vikabaki juu. Kwa tuta la mita moja kwa tano ni kazi ya asubuhi chache, na watoto huipenda.

Vinundu vilivyokusanywa usivitupe kwenye shimo la mboji. Mboji ya nyumbani haichemki kiasi cha kuviua, nawe utavirudisha bustanini pamoja na mbolea. Viweke juu ya bati au mwamba hadi vivunjike kama kuni kavu, halafu vitie motoni jikoni.

Kuna mambo mawili ya mwili hapa, maana huu ni ukurasa wa afya. Usipalilie pekupeku. Udongo wa kichanga wenye unyevu, hasa karibu na mahali watu wanapojisaidia ovyo, ndipo wanapokaa minyoo wa safura, nao huingia kwa ngozi ya mguu na kunyonya damu. Mama mjamzito na mtoto wa shule ndio wanaoumia zaidi. Viatu vya matairi vinatosha. Na anayejikata kwa jembe lililokaa kwenye samadi aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende zahanati aangaliwe kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Mpini mfupi nao unavunja migongo ya akina mama bila sababu. Seremala atakutengenezea mrefu.

MVUA ZA KWANZA

Mvua za Novemba zikinyesha, kila mtu anakimbilia kupanda. Kwa tuta lenye ndago, ngoja. Mvua ya kwanza inaamsha vinundu vilivyopona kiangazi. Viache viote. Siku ya kumi hadi ya kumi na nne, pita na jembe juu juu, ukate mashina yote chini kidogo ya uso wa udongo. Subiri tena. Kata tena. Mara tatu kabla ya kupanda. Katika mwezi huo utaona majirani wana mchicha na wewe huna, na pengine watakucheka. Ndiyo maana tulisema sehemu moja ya bustani iendelee kutoa mboga.

Baada ya hapo tumia silaha ya tatu, yaani kivuli. Ndago ni mtoto wa jua. Kivulini hudhoofika na huzaa vinundu vichache. Vitunguu, karoti na vitunguu saumu, ambavyo majani yake ni membamba na yamesimama, ni chakula cha ndago. Usivipande hapo kwa miaka miwili. Panda kinachofunika ardhi upesi: maboga, kunde za kutambaa, na bora kuliko vyote viazi vitamu. Panda mbegu za viazi karibu karibu juu ya matuta mwishoni mwa Desemba au mwanzoni mwa Januari. Palilia kila wiki mpaka matembele yafunge tuta. Yakishafunga, kazi imebaki ndogo.

Ukiweza, chagua viazi lishe, vile ambavyo nyama yake ni ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni vitamini A. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa watu wanne kwa kazi ya mazao yaliyoongezewa lishe, watatu kati yao kwa ajili ya viazi hivi, na mmoja wa hao ni Robert Mwanga wa Uganda. Kwa mtoto chini ya miaka mitano, kiazi hiki kilichochemshwa pamoja na mboga ya matembele yaliyopikwa kwa mafuta kidogo au karanga ni chakula bora. Mafuta hayo yana sababu: bila mafuta mwili hauipokei vitamini A vizuri. Hivyo tuta moja linaua ndago na kulisha watoto.

Wengine huuliza juu ya matandazo. Majani makavu na mabua ni mazuri kwa kutunza unyevu, nayo huzuia magugu madogo ya mbegu. Ndago hayaizuii. Ncha yake ni kali kama sindano, hutoboa hata karatasi ya plastiki nyeusi wanayotandika wakulima wakubwa wa mboga. Kwa hiyo usitumie fedha kununua plastiki kwa ajili ya ndago.

Nguruwe ni hadithi nyingine. Nguruwe aliyefungiwa katika zizi dogo la kuhamishika juu ya tuta kwa siku chache huchimbua na kula vinundu kwa bidii ambayo hakuna binadamu anayo. Lakini awe zizini. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha watu hupata tegu, naye mtu mwenye tegu asiyenawa mikono baada ya kutoka chooni anaweza kujiambukiza yeye na jamaa yake mayai yanayokwenda hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa. Ugonjwa huo upo Tanzania, nao huzuilika kwa choo, zizi, sabuni na nyama iliyopikwa hadi ndani.

Kabla ya kuiacha ndago, tuitendee haki kidogo. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba katika ukoga uliogandamana kwenye meno ya watu wa kale waliozikwa Al Khiday, Sudan, karibu na Mto Nile Mweupe, walikuta mabaki ya ndago. Watu hao waliila kwa maelfu ya miaka, na watafiti walidhani huenda ndiyo sababu mojawapo ya meno yao kuwa na matundu machache sana. Mungu hakuiumba bure. Lakini hata hao wa Sudan hawakuwa wanapanda vitunguu katikati yake.

UKOKA

Ukoka ni nyasi halisi. Hauna vinundu. Una mashina yanayotambaa juu ya ardhi na mengine chini, na kila pingili ni mche. Mambo yake ni mepesi kidogo kuliko ya ndago, kwa sababu pingili hukauka upesi zaidi. Kazi ya kiangazi ni ile ile: inua, kung'uta, anika. Usilime kwa kukatakata, maana kila kipande chenye pingili moja kitaota mvua ikinyesha.

Tofauti ni kwamba ukoka haukai, unasafiri. Unatoka njiani, kwenye mpaka, kwenye malisho. Unaweza kusafisha tuta lote na mwaka ujao ukaurudia kwa sababu hukugusa ukingo. Chimba mfereji mwembamba kuzunguka bustani, kina cha sentimita 30 hivi, na uuache wazi. Mara moja kwa wiki kata kila kinachovuka. Mbuzi akifungwa nje ya mfereji atausaidia ukingo kuwa mfupi.

Magugu haya yote huingia pia kwa mkono wetu. Ukoka huja na samadi isiyooza vizuri. Ndago huja na udongo ulioshikamana na mche wa papai uliopewa zawadi, au na jembe la jirani. Iangalie mizizi ya kila mche. Kinundu kimoja kinatosha. Tumeshaona hesabu yake.

Hapa niseme jambo dogo pembeni. Si kila kinachoota bila kupandwa ni adui. Mlenda, mgagani na mchicha wa porini huota vyenyewe, na bibi zetu walijua kuviacha vikue wakati wa kupalilia, wakavikausha kwa ajili ya kiangazi. Siku hizi kuna vijana wanaovilima vyote pamoja na ndago kisha wanakwenda kununua mboga.

DAWA ZA KUPULIZA

Tuje sasa kwenye chupa. Kwanza yale yasiyo dawa: chumvi, mafuta ya taa na oili chafu ya magari. Watu huvimwaga juu ya ndago. Jani linaungua, kinundu kinabaki, na udongo unaharibika kwa mboga zako mwenyewe. Oili chafu ina vitu vya sumu ambavyo hutaki viwe karibu na chakula.

Katika zile zinazoitwa dawa kweli, iliyo mbaya kuliko zote ni parakwati, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa jina la Gramoxone. Inaunguza kila jani la kijani inaloligusa, na kwa siku mbili shamba linaonekana limekufa. Ndiyo maana watu huisifu. Lakini parakwati haishuki chini kwenye vinundu, na ikigusa udongo hushikwa hapo hapo. Juu pamekufa, ghala liko salama, na baada ya siku chache ndago imesimama. Kwa mwanadamu ni kinyume: funda moja la dawa isiyochanganywa na maji linaweza kuua mtu mzima, na hakuna dawa ya kuizima. Huunguza kinywa na koo, huharibu figo, halafu mapafu yanakauka na kuwa magumu kidogo kidogo. Mtu hufa kwa kukosa pumzi baada ya siku au wiki, akiwa na akili timamu. Katika Umoja wa Ulaya ilizuiwa mwaka 2007, na nchi nyingi zimefuata. Kuleta kitu hiki ndani ya nyumba kwa ajili ya gugu ambalo hakiwezi kuliua ni biashara ya hasara tupu.

Glaifoseti ni tofauti. Hiyo huingia kwa jani na kushuka hadi chini, na ukoka huumia nayo. Ndago pia, kwa sehemu: vinundu vilivyolala bila jani haipati njia ya kuvifikia, kwa hiyo hata hiyo hutaka kurudiwa rudiwa. Halafu inashindwa na mazingira yetu. Ikichanganywa na maji ya tope, udongo ulio ndani ya maji huishika na nguvu inaisha. Jani lenye vumbi vivyo hivyo. Mmea uliokauka kwa jua hauipokei. Sasa fikiri juu ya kiangazi cha Itigi, vumbi lake na maji yetu, halafu hesabu fedha uliyotoa. Kuhusu afya, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya mwaka huo huo haikukubali hivyo. Mabishano yanaendelea. Kwa bustani ya nyumbani, iliyo hatua kumi kutoka jikoni na kisimani, mimi sioni sababu ya kuitumia. Kwa shamba la ekari kadhaa lililojaa ukoka, mwenye shamba aamue pamoja na bwana shamba, anunue chupa iliyofungwa na yenye kibandiko kutoka duka lenye kibali, na asome kibandiko hicho au asomewe. Usajili wa viuatilifu hivi nchini uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Anayepuliza avae viatu vilivyofunika mguu, suruali, mikono mirefu na glovu, asipulize upepo ukivuma, asizibue bomba kwa mdomo, na aoge kabla ya kubeba mtoto. Mama mjamzito asiguse kazi hiyo kabisa. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamwagwe ndani ya bomba, chupa itobolewe. Isibebe maziwa, wala mafuta, wala maji.

Na isihamishiwe katika chupa nyingine, hata kidogo, hata kwa siku moja. Muuzaji akikubali kukumiminia katika chupa ya soda, usinunue kwake. Kama ipo nyumbani sasa, iwekwe nje ya nyumba ya kulala, juu, ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukae na mtu mmoja. Kufuli hiyo haimlindi mtoto tu. Mtu mwenye huzuni kali au hasira ya ghafula hufanya jambo ambalo baada ya saa moja asingelifanya, na katika saa hiyo sumu isiwe karibu. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali, parakwati ikiwamo, idadi ya watu waliojiua ilishuka sana.

AKIWA AMEKUNYWA

Usimtapishe. Sumu iliyounguza koo ikishuka itaunguza tena ikipanda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Usimpe maziwa ukidhani yanaondoa sumu. Hayaondoi, na usipoteze muda kuyatafuta. Mfute kinywa, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Mlaze kwa ubavu kama amelegea. Kisha hospitali, mara moja, kwa chombo chochote kinachopatikana. Kwa walio karibu na mji ni Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Beba chupa yenyewe na kibandiko chake. Kama ilikuwa chupa ya soda, beba iliyobaki, na useme ukweli ni dawa gani na iliuzwa wapi. Daktari hawezi kutibu asichokijua.

Na jambo moja ambalo ndugu wengi hawalijui: aliyekunywa parakwati anaweza kuonekana nafuu siku ya pili, akaongea na kuomba uji. Msimtoe hospitali kwa sababu hiyo. Mapafu huanza kuharibika baadaye.

ITACHUKUA MUDA GANI

Kwa kawaida, aliyefanya kiangazi kimoja kwa uangalifu na msimu mmoja wa viazi ataona ndago imepungua sana. Imepungua, haijaisha. Vinundu vilivyolala chini zaidi ya jembe vitapanda kimoja kimoja. Mwaka wa pili rudia kwa sehemu ya pili ya bustani, na ile ya kwanza ipandwe maboga au kunde. Mwaka wa tatu unaweza kurudisha vitunguu.

Tangu hapo kazi ni ya robo saa kwa wiki. Mtu mmoja apite katikati ya matuta kila Jumamosi asubuhi na kijiti chenye ncha. Akiona shina la pembe tatu lenye majani matatu au manne, achimbe taratibu hadi akipate kinundu, na kwenda kukianika juu ya bati.